Ile Inayouliza Mara Mbili

Mimi nilizaliwa na wasiwasi. Marehemu mama alipenda kuwasimulia wageni kwamba nikiwa darasa la pili nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka nusu ya njia kuhakikisha jiko limezimwa, kisha narudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha vizuri. Walimu walizoea kuniona nachelewa. Kwa hiyo Torkel aliponipigia simu Jumatatu moja ya Novemba, akaniambia kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua kwamba kompyuta ya mashine kubwa ya kufumia "inagongagonga kidogo siku hizi," nilikaa chini kwenye ngazi za maktaba ninakofanya kazi, nikiwa bado na koti langu lililolowa.

"Inagonga tangu lini?" nikamuuliza.

"Aah, tangu majira ya joto."

Tangu majira ya joto! Miezi mitano, na mwenyekiti mzima anasubiri Novemba.

Torkel ndiye mwenyekiti wa ushirika wa wafumaji wa mji wetu wa Hällinge. Wamebaki wachache katika lile jengo la matofali mekundu kando ya mto, na kati yao wanaokuja kila siku ni watatu: yeye mwenyewe, Sigbritt mwenye ulimi, na Shangazi Gunvor, dada wa baba yangu, ambaye amefuma pale miaka arobaini na moja. Wanafuma vitambaa vya kitani vya mezani na taulo za jikoni, na kila kitambaa kina nakshi yake. Mashine inaamriwa na kompyuta ya mwaka tisini na saba. Waliotengeneza kompyuta ile walishafunga duka, na ndani yake mna diski moja tu. Katika diski hiyo kuna programu inayoendesha mashine, pamoja na nakshi mia tatu na kumi na mbili, zote zimechorwa na shangazi, nukta kwa nukta. Hakuna nakala kwingine kokote. Ziko diski laini kwenye droo, za zama zile, na mimi nilizijaribu zote mwaka juzi. Zilifunguka mbili, na moja ilikuwa ya mapishi ya Krismasi.

Diski ya aina hiyo ndani yake mna sahani inayozunguka na sindano inayoisoma. Ikianza kugonga, maana yake sindano inapotea njia. Inaweza kuishi mwaka mwingine, na inaweza kufa kabla hujamaliza kahawa yako. Nilimweleza Torkel hayo yote kwenye simu, naye alinisikiliza kwa uvumilivu mkubwa.

"Ragna," alisema, "wewe ukiona wingu unakwenda kupima jeneza. Ikifa, Gunvor atachora upya. Mikono anayo."

Hilo ndilo lililokuwa godoro lao wote. Kila nilipoleta hofu yangu, waliilaza juu yake: Gunvor atachora upya. Sigbritt alisema hivyo hivyo, na mhasibu wao anayekuja mara moja kwa mwezi alisema hivyo hivyo. Gunvor mwenyewe aliyasikia yote. Alipitisha kiganja chake ukingoni mwa meza, kama alivyozoea siku hizi, akakaa mahali pake.

Nilimwomba Torkel azime mashine mpaka tupate nakala. Alikubali nusu, yaani alikubali kuizima wakati wa chakula cha mchana. Nikaanza kutafuta programu ya kunakili diski.

Watu wanadhani kutafuta programu ya bure ni jambo la kufurahisha, kama kuokota uyoga. Kwangu mimi ilikuwa wiki ya kukosa hamu ya kula. Zipo nyingi mno, na kila moja imesifiwa na mtu mmoja na kulaaniwa na mwingine. Mmoja anaandika kwamba imemwokolea picha za watoto wake, na chini yake mwenzake anaandika kwamba imemtia umaskini. Nilileta mezani kwangu diski moja chakavu ya kujaribia, nikazichuja mpaka zikabaki tatu.

Ya kwanza ilikuwa na rangi ya samawati na vitufe vya mviringo, na kila hatua ilikupongeza. Ilisema bure, bure kabisa, bure milele. Nilipofika mwisho, diski imechaguliwa na kila kitu kiko tayari, ikaniambia kwamba kutazama ni bure ila kunakili kunahitaji kadi ya benki. Niliitoa pale pale. Sina ugomvi na anayeuza, lakini anayenikaribisha chakula kisha akaniuzia kijiko, huyo simwamini na diski ya shangazi yangu.

Ya pili ndiyo aliyoitaka Torkel, kwa sababu binamu yake aliitumia na kompyuta haikulipuka. Kwa kweli ilikuwa rahisi. Ilifunguka ndani ya kompyuta ya kawaida, ikaonyesha picha ya diski mbili na mshale katikati, hata Sigbritt angeweza kuitumia peke yake. Lakini nilipoijaribu kwenye diski yangu chakavu, niliyokuwa nimeiwekea kipande kilichopangwa kwa mtindo wa zamani kama ule wa mashine za kufumia, ikakiruka kipande kile. Haikulalamika. Iliandika kwamba imemaliza, ikaweka na alama ya vema ya kijani. Nilikagua mara nne kabla ya kuamini kwamba imeniacha nusu ya safari na kunitakia siku njema.

Ya tatu ilikuwa na sura ya kiza. Unaiweka kwenye flashi, unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, na mbele yako unakuta ukuta mweusi wenye maandishi meupe. Haina picha wala pongezi. Lakini yenyewe ilisoma diski nukta kwa nukta, ielewe isielewe, na ikifika mahali pabovu iliandika mahali hapo, ikapita, ikarudi baadaye kujaribu tena. Kitu kingine, kabla ya kufuta chochote iliuliza kama una hakika. Ukijibu ndiyo, ilikuandikia tena jina na namba ya diski itakayofutwa, ikauliza upya. Mara ya kwanza iliponifanyia hivyo nilitaka kuibusu. Nilikuwa nimekutana na programu iliyolelewa na mama yangu.

Basi tukakaa Jumatano kuamua. Nilitamani kuamua mwenyewe, lakini mali ni ya ushirika, na huku kwetu watu hawagombani mezani. Kila mtu hupewa zamu yake, anasema, anafuata aliye kushoto kwake, na mzunguko ukiisha mwenyekiti hutangaza kile ambacho inaonekana wote wamekubali. Asiyekubali hukubali akiwa njiani kurudi nyumbani, peke yake. Juu ya meza ile kila kikombe kina mahali pake, na mahali pamewekewa kipande cha mkanda wa karatasi chenye jina: TORKEL, SIGBRITT, GUNVOR. Rafuni ni hivyo hivyo, kwenye kulabu za makoti ni hivyo hivyo. Hakuna aliyeandika jina juu ya kikombe chenyewe. Kikombe kinajulikana kwa pale kilipo.

Torkel alianza. Alisema anaheshimu kazi yangu, lakini ushirika unahitaji kitu ambacho kila mtu anaweza kukitumia, si kitu cha wachawi. Sigbritt alisema yeye ukuta mweusi unamkumbusha televisheni ya baba yake ilipokufa, kwa hiyo anakwenda na mshale. Mimi ilipofika zamu yangu nilieleza kile kipande kilichorukwa, nikaonyesha karatasi yangu, na sauti ilianza kunitetemeka, jambo ambalo mezani pale ni sawa na kupiga kelele. Torkel alitazama dirishani kwa adabu. Alisema hata kikirukwa kipande, si mwisho wa dunia, Gunvor anazijua nakshi zake.

Wote wakamgeukia Gunvor. Niliisukuma ile karatasi mbele yake aisome. Alisema miwani ameiacha nyumbani.

"Ipi inauliza mara mbili?" akauliza.

"Hii ya kiza, shangazi."

"Basi mimi nataka inayouliza mara mbili."

Hakueleza zaidi. Lakini nakshi ni zake, na Torkel si mtu mbaya, ni mtu aliyetulia kupita kiasi. Alipumua, akatangaza kwamba inaonekana tumekubaliana.

Niliporudi asubuhi iliyofuata nilikuwa na diski mpya mfukoni. Nasema mpya kwa kuwa haikuwa na kitu. Kompyuta ile haikubali diski ya siku hizi, inataka ya aina yake na ukubwa wake, nami nilikuwa nimeipata kwa mzee mmoja aliyefunga kiwanda chake cha kufuma huko mkoani Dalarna. Ilitoka kwenye mashine ndugu ya yetu. Mwaka mmoja, kampuni moja, mafuta yale yale ya mashine na vumbi lile lile la kitani. Ukiziweka pamoja, ni mapacha. Tofauti yao ilikuwa namba ya kiwandani, imeandikwa kwa herufi za kuumiza macho kwenye karatasi ya ubavuni.

Nilizima kompyuta, nikafungua, nikaitoa diski ya zamani kwa mikono miwili. Nikaiweka upande wa kushoto wa meza ya kazi, na ile tupu upande wa kulia. Nilitaka kuzibandika mkanda zenyewe, lakini kwa mafuta yale mkanda ulidondoka mara tatu. Basi nikafanya kama kila mtu afanyavyo mle ndani, nikaubandika mezani, mbele ya kila diski. ZAMANI. TUPU. Niliandika herufi kubwa kama kidole gumba.

Hapo kengele ya saa tatu na nusu ikalia. Katika jengo lile kengele ya kahawa haibishiwi. Nimewahi kuona fundi wa umeme akiacha waya uning'inie kwa ajili yake. Nilijiambia kwamba dakika kumi na tano hazina ubaya, diski zimezimwa, hakuna kinachozunguka, hakuna kinachogonga. Nilikwenda, nikanywa kahawa bila kuisikia ladha. Sigbritt aliniuliza kama mimi ni mgonjwa au ndiyo sura yangu. Shangazi Gunvor alichelewa kidogo, akaingia akijipangusa mikono kwa kitambaa, akapapasa kiti chake, akakaa.

Niliporudi, meza ilikuwa imepanguswa vumbi. Niliona hivyo na nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikachukua daftari, nikainama juu ya diski ya kushoto, nikaandika: zamani, namba inayoishia na 53. Nikainama juu ya ya kulia, nikaandika: tupu, namba inayoishia na 08. Nilizisoma mara tatu kila moja, nikiwa nimeshika taa. Nikaziunganisha kwa waya na kompyuta yangu ya mpakato, nikaiwasha kwa ile flashi.

Ukuta mweusi ukaja. Diski zote mbili zikaanza kunguruma, na baada ya muda nikasikia kugonga. Tak. Kimya. Tak, tak. Nilijiambia, fanya haraka Ragna, kila kugonga huko kunakula uzi wa shangazi yako. Kisha nikajiambia, usifanye haraka. Nilichagua diski ya kusomwa, nikalinganisha na daftari: 53. Nikachagua diski ya kuandikwa: 08. Programu ikaandika kwamba kila kilichomo katika diski ya namba inayoishia na 08 kitafutwa kabisa na hakitarudi, je, nina hakika?

Nilitazama daftari. Nilitazama mkanda mezani. Nikajibu ndiyo.

Ikauliza mara ya pili.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe nilipomsikia shangazi akiingia. Alishika fremu ya mlango, kisha ukingo wa meza ya kwanza, kisha ya pili. Alikuwa na mkate wa mdalasini umefungwa kwenye karatasi ya kupangusia mikono, kwa sababu aliambiwa sikula.

"Umefika wapi?"

"Limebaki swali moja, shangazi. Nimeshalijibu, linauliza tena."

"Linauliza nini?"

"Kama nina hakika. Kwamba ya kulia ifutwe, ya kushoto inakiliwe juu yake."

Hakuuweka mkate chini.

"Ya kulia ifutwe kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo tupu."

"Ya kulia ndiyo iliyojaa," alisema Gunvor. "Nimeiweka pale mwenyewe."

Niliondoa mkono kwenye kibodi, taratibu, kama mtu aliyeona nyoka. Nilimuuliza ameiweka lini. Akasema alipopangusa meza, wakati sisi tunakwenda kahawa, maana vumbi la kitani na vyombo vya umeme havipatani. Alizinyanyua zote mbili, akapangusa, akazirudisha inavyotakiwa. Bobini ya uzi iliyojaa hukaa kulia, tupu hukaa kushoto. Mkono wa kulia unachukua, wa kushoto unaacha. Ndilo jambo la kwanza mtu kufundishwa akiingia jengo lile, na baada ya miaka arobaini na moja mkono haumuulizi mwenyewe.

"Wewe uliziacha kinyume," alisema. "Nikasema, huyu mtoto wa maktaba, kazi ya kiwandani haijui."

"Ulijuaje ipi imejaa?"

"Ilikuwa bado ina joto."

Kulikuwa na swali lingine, na sikutaka kuliuliza. Mkanda ulikuwa pale pale mbele yake, mweupe juu ya mbao nyeusi, na herufi kubwa kama kidole gumba.

"Na maandishi, shangazi?"

"Maandishi gani?" akasema.

Nilijibu hapana kwenye lile swali la pili. Herufi moja tu. Kisha nikaifungua diski ya kulia kwa kuisoma tu, bila kuigusa, na majina yakashuka kwenye ule ukuta mweusi: maua ya kitani, theluji ya Februari, ngazi ya kanisa, samaki watatu. Mia tatu na kumi na mbili. Diski ya kushoto ilikuwa tupu kama mfuko wangu mwisho wa mwezi. Ningebonyeza ndiyo ningekuwa nimechukua utupu na kuumwaga juu ya miaka ya maisha ya mtu, kwa uangalifu mkubwa, namba zote zikiwa zimelinganishwa mara tatu. Wiki nzima nilihofia programu. Sikuhofia daftari langu.

Nilibadilisha machaguo. Niliulizwa mara mbili, na mara zote mbili nilimshika shangazi mkono nikaugusisha kwenye diski, kwanza hii, kisha hii, mpaka aliposema ndiyo. Hapo ndipo nikabonyeza.

Kunakili kulichukua saa mbili na dakika arobaini. Tulikaa kwenye viti viwili vya mbao, tukagawana mkate. Aliniambia bila mimi kumuuliza. Tangu Aprili katikati ya kila kitu anachokitazama kuna doa, na doa linakua. Pembeni anaona, ndiyo maana anatembea na kumimina kahawa. Nyuso hazioni. Nukta za nakshi hazioni kabisa. Daktari amemwambia haitarudi.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema wangenipa shada la maua na kiti cha kupumzikia," alisema. "Na wangeogopa. Unaona jinsi Torkel anavyolala usingizi kwa sababu yangu. Nilifikiri diski ikishanakiliwa, haitakuwa na maana tena kama naona au sioni."

"Na isingenakiliwa je?"

Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ile karatasi ya mkate. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye pia, sitaki kudanganya. Miezi saba alikaa mezani akiwasikia wakisema Gunvor atachora upya, na kila walivyosema alijua ni uongo, na uongo wenyewe ndio uliowafanya wakae na diski inayogonga majira ya joto yote. Mficha maradhi, wahenga walishasema. Lakini nilipomtazama nilimwona mtu aliyeogopa kuliko mimi, na mimi nilidhani katika jengo lile woga ni mali yangu peke yangu.

Ilipofika asilimia themanini na saba namba zikasimama. Tak. Tak, tak, tak. Dakika moja, mbili, sita. Shangazi alishika goti langu akalibana. Alihesabu milio kwa midomo. Programu iliandika kwamba imefika mahali pabovu, ikapita, ikaendelea, na mwishoni ikarudi pale pale kama ilivyoahidi, ikajaribu tena na tena, mpaka sehemu ile ikasomeka. Ikamaliza bila pongezi. Iliandika mstari mmoja tu, nami nikausoma kwa sauti mara mbili.

Tukaweka nakala kwenye kompyuta ya mashine. Ikawaka. Torkel akaja, akabonyeza, mashine ikaanza kupiga, na ngazi ya kanisa ikaanza kupanda kwenye kitani kama jana na juzi. Alinipiga bega akasema, umeona, wingu limepita. Diski ya zamani niliifunga kwa kitambaa nikaiweka kabatini. Shangazi alikuwa ameniomba nisimwambie mtu, na nilikuwa nimemwahidi.

Siku iliyofuata nilialikwa kahawa ya shukrani, na kulikuwa na keki. Torkel akaanzisha mzunguko. Alisema anashukuru, kazi imefanyika vizuri, ingawa yeye bado anaamini ile ya mshale nayo ingefaa. Na hata isingefaa, alisema, hatukuwa na hatari yoyote ya kweli, maana tunaye Gunvor.

Sigbritt, aliyekuwa anamimina, alikuwa amesogeza vikombe kupisha keki. Kikombe cha Gunvor kilikuwa upana wa kiganja kutoka kwenye mkanda wenye jina lake. Gunvor akanyoosha mkono. Mkono ukashuka kwenye jina, ukashika hewa. Ukapapasa kulia, ukagusa sahani ya keki, ukasimama.

Sigbritt alikuwa ameinua birika na hakulishusha. Torkel aliutazama ule mkono, kisha uso wa Gunvor, kisha mkono tena. Nilimwona akirudi nyuma mwezi kwa mwezi, miwani iliyosahauliwa, kiganja kwenye ukingo wa meza, mpaka akafika majira ya joto, diski ilipoanza kugonga.

"Nisingechora," alisema Gunvor. "Tangu Aprili nisingeweza."

Sigbritt alikisogeza kikombe polepole mpaka kikagusa vidole vyake.

Ilikuwa zamu ya aliye kushoto kwa Gunvor, lakini mzunguko ulikuwa umevunjika. Torkel hakunitazama. Aliisukuma keki yake pembeni bila kuionja, akauliza nakala ziko ngapi.

"Moja," nikasema. "Ndiyo hiyo iliyo ndani ya mashine."

"Kazime mashine," alisema Torkel. "Fanya nyingine. Fanya mbili. Fanya sasa hivi."